Boriti Ndizo Zilizopima Vyumba vya Sultani

Fundi wa kijijini huchoma matofali kwa udongo wa hapohapo, na upana wa chumba huupanga kwa urefu wa mbao alizonazo. Hesabu hiyohiyo iliwaongoza mafundi wa Husuni Kubwa, jumba la kifalme la Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi.

Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta madarakani mwaka 1331. Lina vyumba zaidi ya 100. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo. Dari zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu, lakini ni fupi. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba, upana wa mita 3 hivi au pungufu. Hata dhahabu ya bandari ya Sofala, iliyopitia mikononi mwa Kilwa, haikuweza kurefusha mti huo. Palipohitajika nafasi au fahari zaidi, mafundi waliinua matao na kuba.

Kwa miimo ya milango na nakshi walitafuta matumbawe ya aina nyingine, wakayatoa baharini yangali mabichi. Yakiwa mabichi huchongeka kwa urahisi. Yakikauka huwa magumu.

Neno husuni maana yake ni ngome, na hapo jina linapotosha. Kule Scotland, ngome ya Tantallon, ya katikati ya karne hiyohiyo, imezungukwa na bahari pande tatu. Upande wa nchi kavu umezibwa kwa ukuta wenye unene wa zaidi ya mita 3. Waliojenga pale walimngoja adui. Husuni Kubwa nayo iko juu ya mwamba, lakini ina ngazi za kushukia ufukweni, ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa maghala, baraza lenye vidato vya kukalia, na birika la kuogea la pande nane. Hapa walingojwa wageni na shehena.

Uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick, katika miaka ya 1960, ulionyesha kuwa jumba halikukamilika wala halikukaliwa muda mrefu.

Magofu ya Kilwa yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawa katika orodha ya hatari kuanzia 2004 hadi 2014. Mawimbi bado yanakula ukingo. Atakayefika asipande juu ya kuta za magofu hayo.