Maiti Alivyotoka Sebuleni: Nyumba za Mazishi za Marekani

Nyumba ya mazishi, kama inavyojulikana Marekani, ni jengo la biashara ambamo maiti huoshwa, hutiwa dawa, huvishwa na kulazwa ili jamaa wamuage. Mara nyingi ndani yake mna kanisa dogo la ibada ya mwisho, lisilo na waumini wake wala padri wake. Hupokea watu wa dhehebu lolote.

Mpaka katikati ya karne ya 19 jengo la namna hiyo halikuhitajika. Wanawake wa familia na majirani walimwosha marehemu na kumlaza sebuleni, ndugu wakakesha naye, na wakati wa joto akawekewa barafu. Jeneza lilitengenezwa na seremala yuleyule wa meza na makabati. Huyo ndiye babu wa biashara hii: miji mingi ilikuwa na duka moja lililouza vitanda upande huu na majeneza upande wa pili.

Kilichobadilisha mambo ni umbali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliua askari mamia ya maelfu, wengi wao mbali na kwao. Familia zenye uwezo zilitaka kuwazika vijana wao nyumbani. Treni zilikuwapo, ila maiti asingestahimili siku kadhaa njiani. Thomas Holmes alijipatia jina kwa kupitisha dawa kwenye mishipa ya damu; ndiye aliyeuhifadhi mwili wa Kanali Elmer Ellsworth, aliyeuawa Mei 1861 na kulazwa Ikulu. Holmes alijigamba kuwa alihudumia maiti zaidi ya 4,000 kwa dola 100 kila mmoja, hesabu ambayo ni ya mdomo wake mwenyewe. Kisha akauawa Rais Abraham Lincoln. Mwili wake uliotiwa dawa uliondoka Washington kwa treni tarehe 21 Aprili 1865, ukasimama mji baada ya mji, na kuzikwa Springfield, Illinois, tarehe 4 Mei. Umati uliopanga foleni ulijionea kwamba maiti anaweza kungojea.

Kazi ikawa taaluma, na mwaka 1882 wenye kazi hiyo wakaunda chama cha taifa. Watu walipoanza kufia hospitalini na kuishi katika vyumba vidogo vya mijini, sebule ya kulazia maiti ikakosekana. Waandaaji wa mazishi wakanunua majumba ya matajiri, wakahudumia wafiwa chini na wengine wakaishi na familia zao ghorofani. Ndiyo maana jengo likaitwa nyumba. Huko California, Hubert Eaton alijenga ndani ya makaburi ya Forest Lawn makanisa ya kupendeza kiasi kwamba watu waliyaendea hata kwa harusi: Ronald Reagan alimwoa Jane Wyman katika mojawapo mwaka 1940.

Kwa Wamarekani weusi, nyumba hizi zilikuwa zaidi ya biashara. Ubaguzi uliwatenganisha hata wafu, hivyo mwandaaji mweusi alikuwa miongoni mwa wachache wasiotegemea mteja mzungu. Mwaka 1955, ilikuwa nyumba ya mazishi ya A. A. Rayner, Chicago, iliyofungua jeneza la Emmett Till, kijana mweusi aliyeuawa na wazungu, kwa sharti la mama yake, ili dunia ione alivyoteswa.

Bei zilileta manung'uniko. Kitabu cha Jessica Mitford cha 1963 kilizianika, na tangu 1984 sheria inazilazimu nyumba hizi kumpa mteja orodha ya bei ya kila huduma. Siku hizi zaidi ya nusu ya wafu wa Marekani huchomwa, jambo linalopunguza mauzo ya majeneza.

Wakenya na Watanzania waishio huko huzifahamu nyumba hizi kwa sababu ileile ya 1861: kumrudisha mtu kwao. Michango huchangishwa, maiti hutiwa dawa, karatasi hupelekwa ubalozini. Waislamu, wanaozika mapema na bila dawa, kwa kawaida huona heri kumzika palepale alipofia.