Wiki Mbili Hazimtayarishi Mwanariadha

Kila muhula wa michezo unapokaribia, huku kwetu Merigi huonekana jambo moja la ajabu. Mzazi ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kumuuliza mwanawe habari za uwanjani, ghafla hugeuka mkufunzi. Mtoto huamshwa saa kumi na nusu alfajiri, umande ungali juu ya majani ya chai, akaamrishwa kupanda na kushuka kilima hadi miguu itetemeke. Uteuzi wa timu ya shule umebakia wiki mbili, na mzazi anataka wiki hizo zifanye kazi ya miezi.

Mbio za sakafuni, wahenga walinena, huishia ukingoni. Nimesimama pembeni mwa uwanja kama mwalimu wa michezo kwa miaka kadha, na ukingo huo nimeuona kwa macho yangu. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikuja kuwania nafasi ya mbio za mita 3,000. Mzunguko wa kwanza na wa pili aliongoza. Katika wa tatu alianza kuchechemea, kisha akaketi nyasini akiushika muundi wake. Babaye alikuwa amemfanyisha mazoezi ya kilima kila siku kwa siku kumi na tatu mfululizo, kwa mapenzi wala si kwa ukatili. Mimi nilifanya nini? Nilikata jina lake kwa kalamu, nikamwita anayefuata. Sikumuuliza neno. Mwaka uliofuata hakurudi uwanjani.

Kosa la baba yule lina maelezo ya kimaumbile ambayo kila mwalimu wa michezo anapaswa kuwaeleza wazazi. Moyo na mapafu hujifunza upesi. Mtoto akikimbia kwa majuma machache, pumzi huongezeka naye hujiona simba. Mifupa na kano huchelewa mno kuzoea mzigo huo, na hapo ndipo majeraha huzaliwa: pumzi inasema twende, mfupa unasema ngoja. Kwa hiyo anayetaka kumsaidia mwanawe na aanze miezi mitatu au minne kabla. Siku tatu kwa juma zinatosha mwanzoni, mwendo wa polepole anaoweza kuzungumza akiwa anakimbia, juu ya nyasi badala ya lami, na nyongeza ndogo kila juma. Pawepo pia siku ya kupumzika kabisa. Kulala nako ni sehemu ya mazoezi, ingawa wazazi wengi hukuhesabu kuwa uvivu.

Sasa niseme juu ya chai, nikijua kwamba ndiyo inayotulipia karo. Msichana aliyebaleghe hupoteza damu kila mwezi, na mwili wake huhitaji madini ya chuma kuliko wa kaka yake. Akipungukiwa nayo huchoka upesi, na mwalimu asiyejua humwita mzembe. Chai inywewayo pamoja na chakula huzuia sehemu kubwa ya madini hayo, yaliyomo katika mboga na maharagwe, yasifyonzwe mwilini. Sisemi tuache kunywa chai, la hasha! Nasema ugali na mnavu viliwe kwanza, tena pamoja na pera au chungwa ambalo husaidia ufyonzaji huo, na kikombe cha chai kingoje saa moja au zaidi. Ushauri huu hauna gharama, hali viatu ambavyo wazazi hukimbilia kuvinunua hugharimu fedha nyingi.

Kuna jambo jingine lisilogharimu fedha, lakini naona ndilo gumu kuliko yote. Jioni, mvulana hutupa mkoba na kwenda uwanjani. Dada yake huenda mtoni, kisha kuni, kisha jikoni, na siku za kuchuma hubeba kikapu hadi kituo cha kupimia majani. Halafu twashangaa kwamba hana kasi. Baba anayetaka binti yake aingie timu na ampe saa moja ya jioni, mara tatu kwa juma, na kazi zile azigawe kwa wana wote.

Wala tusidhani kila mtoto wa Kericho na Bomet kaumbwa kukimbia. Twajivunia Wilson Kiprugut Chuma, mwana wa Kericho aliyeipa Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki huko Tokyo mwaka 1964, na Beatrice Chebet, aliyetwaa dhahabu za mita 5,000 na 10,000 jijini Paris mwaka 2024. Fahari hiyo isiwe kamba ya kumfunga mtoto anayependa voliboli. Hata katika riadha yenyewe, David Rudisha wa Kilgoris, jirani zetu wa Narok, alikuwa akikimbia mita 400 kabla ya Bradha Colm O'Connell wa Iten kumhamishia mita 800, mbio ambazo alizikimbia kwa dakika 1:40.91 jijini London mwaka 2012. Mwalimu alimtazama mtoto kwanza, ndipo akachagua mbio.

Kuhusu wazazi wanaobadilisha vyeti vya kuzaliwa ili mtoto aonekane mdogo, nitasema kidogo tu: wanamfundisha mtoto kwamba jasho lake halitoshi, na siku akigunduliwa aibu huwa yake.

Nami nimebadili jambo moja. Tangu mwaka ule sikati jina bila kuandika kando sababu, kisha humpa mwanafunzi karatasi hiyo mkononi. Muhula uliopita msichana mwingine alinijia kabla ya uteuzi, akakunjua karatasi iliyochakaa mikunjoni. Nilikuwa nimemwandikia: “Unaanza kwa kasi mno. Pumzi huisha mzunguko wa tano.” Akaniambia, “Mwalimu, sasa inaisha wa saba.” Mbio zile ni mizunguko saba na nusu. Nikaliandika jina lake.