Mfungo Mrefu wa Kupunguza Uzito: Kinachopungua na Kinachoponza

Juni 1965, kijana wa miaka 27 aitwaye Angus Barbieri, mkazi wa mji mdogo wa Tayport huko Uskoti, aliacha kula chini ya uangalizi wa madaktari wa Dundee. Alikuwa na kilo 207. Madaktari walikusudia mfungo mfupi, lakini mwenyewe aling'ang'ania kuendelea, akakaa siku 382 akinywa maji, chai na kahawa. Alipofungua kwa yai la kuchemsha na kipande cha mkate Julai 1966, alikuwa amefikia kilo 82. Miaka mitano baadaye alikuwa na kilo 89 tu.

Kisa hiki ni cha kweli, na kiliandikwa na madaktari wake katika jarida la tiba mwaka 1973. Siku hizi kinatolewa kama ushahidi kwamba mtu mnene anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike. Wanaokisimulia hivyo huacha nusu ya habari. Barbieri alikuwa akipimwa damu na mkojo mara kwa mara. Alipewa vitamini, na kwa kipindi fulani akaongezewa potasiamu. Tena alikuwa na akiba ya mafuta ambayo watu wachache sana wanayo. Anayefunga nyumbani ili apunguze kilo kumi hana maabara, hana daktari, wala hana akiba ya namna ile.

Mfungo wa siku nyingi ni hatua ya kitabibu, na hatari zake haziko pale watu wanapozitazamia. Wengi huogopa njaa, ilhali njaa mara nyingi hutulia baada ya siku chache. La kuogopwa zaidi ni madini ya damu yanayopungua kimyakimya, moyo unaodhoofika, na mlo wa kwanza baada ya mfungo.

Mwili unapokosa chakula

Saa za mwanzo mwili hutumia sukari iliyohifadhiwa kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni. Ini la mtu mzima hubeba takriban gramu 100, na misuli takriban gramu 400. Akiba ya ini hukaribia kwisha ndani ya siku moja hivi. Hapo ndipo mwili huanza kuyeyusha mafuta kwa wingi, na ini hugeuza sehemu ya mafuta hayo kuwa ketoni.

Ubongo una shida yake. Hauwezi kutumia mafuta moja kwa moja, na kwa siku ya kawaida huhitaji takriban gramu 120 za sukari. Katika siku za mwanzo, ini hutengeneza sehemu kubwa ya sukari hiyo kutokana na protini, na protini hiyo hutoka kwenye misuli. Ndiyo maana mtu anayefunga hupoteza kwa siku gramu 75 hivi za protini, sawa na gramu 300 na zaidi za nyama ya mwili wake. Katika miaka ya 1960, mtafiti George Cahill na wenzake huko Boston walionyesha kwamba mfungo ukiendelea, ubongo hujifunza kutumia ketoni, na upotevu wa protini hushuka hadi gramu 20 hivi kwa siku. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyomwezesha Barbieri kuishi. Hata hivyo upotevu haukomi. Unapungua tu, na mtu mwembamba hupoteza misuli mingi zaidi kwa kila kilo inayotoka kuliko mtu mnene.

Hesabu ya mafuta

Mwenye kufunga hupima uzito kila asubuhi, na wiki ya kwanza humfurahisha: kilo tano, sita, pengine saba zimetoka. Tufanye hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Mtu anayetumia kalori 2,000 kwa siku, hata asipotia kitu chochote mdomoni, hawezi kuyeyusha zaidi ya gramu 260 za mafuta kwa siku. Kwa wiki nzima hiyo haifiki kilo mbili.

Kilo nyingine zilizotoka ni nini? Sehemu kubwa ni maji. Kila gramu ya glaikojeni hushikana na takriban gramu tatu za maji, na akiba hiyo ikiisha maji yake hutoka kwa mkojo. Insulini ikishuka, figo nazo huachilia chumvi, na chumvi huondoka na maji. Sehemu nyingine ni misuli, na utumbo uliobaki mtupu. Mwaka 2024, jarida la Nature Metabolism lilichapisha utafiti wa watu 12 wenye afya waliokaa siku saba kwa maji peke yake. Kwa wastani walipoteza kilo 5.7, za mafuta na zisizo za mafuta. Baada ya kula kwa siku tatu, karibu uzito wote usio wa mafuta ulikuwa umerudi. Upungufu wa mafuta ulibaki, lakini ulikuwa mdogo kuliko kile mizani ilichokuwa imeonyesha siku ya saba. Kwa hiyo kilo zinazorudi haraka baada ya mfungo si lazima ziwe dalili ya ulafi au uvivu, na hakuna sababu ya kujilaumu na kuanza mfungo mwingine mkali zaidi.

Njaa ya muda mrefu huacha pia deni. Novemba 1944, huko Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys alianza jaribio la vijana 36 waliojitolea kula nusu shibe kwa wiki 24. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Wakawa wanyonge, wenye hasira, na mawazo yao yakazunguka chakula usiku na mchana. Waliporuhusiwa kula walikula kupita kiasi, na mafuta yakarudi kabla misuli haijarejea. Vijana hao hawakuwa wanene, nao walikuwa wakila kidogo. Hata hivyo kisa chao kinaeleza kwa nini mwili ulioshindishwa njaa hudai kulipwa.

Moyo na madini ya damu

Moyo ni msuli, na mapigo yake hutegemea potasiamu, magnesiamu na fosfeti. Figo huendelea kutoa madini haya kwa mkojo hata kama hakuna yanayoingia. Damu inaweza kuonyesha kiwango cha kawaida kwa muda, kwa sababu madini hutoka ndani ya chembe za mwili kuziba pengo. Mtu hujiona mzima, naye akiba yake imekwisha.

Katika miaka ya 1960 mfungo kamili ulitumiwa katika hospitali kadhaa za Ulaya na Marekani kama tiba ya unene, na baadhi ya wagonjwa walikufa wakiwa mikononi mwa madaktari. Mwaka 1969 jarida la Lancet lilieleza habari za msichana wa miaka 20 aliyefunga wiki 30 na kufikia uzito aliotaka, kisha akafa alipokuwa ameanza kula tena. Uchunguzi ulikuta nyuzi za msuli wa moyo wake zimekatikakatika. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Wamarekani wengi walitumia vinywaji vya protini duni vyenye kalori chache sana. Vifo vipatavyo 60 viliripotiwa, vingi vikihusishwa na mapigo ya moyo kwenda ovyo. Kwa sababu ya vifo vya namna hii, madaktari waliachana na mfungo kamili.

Yapo pia madhara yasiyoua lakini yanayotesa. Presha hushuka mtu anaposimama, akapata kizunguzungu au kuzirai. Asidi ya yuriki hupanda na kuamsha jongo. Uzito ukishuka kwa kasi, mawe huweza kujijenga kwenye mfuko wa nyongo. Anayekunywa maji mengi matupu bila chumvi anaweza kushusha sodiamu hadi akachanganyikiwa. Na mfungo mkavu, usio na hata maji, ni hatari kupita yote. Mwili hupoteza maji kwa jasho, pumzi na mkojo kila saa, na katika joto la pwani figo zinaweza kuumia ndani ya siku chache.

Mlo wa kwanza

Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa jeshi la Marekani walihudumia wafungwa wa kivita wa Kijapani waliokuwa wamedhoofu kwa njaa. Walipewa chakula, na baadhi yao wakafa baada ya kuanza kula. Leo tunajua sababu. Wanga ukiingia, insulini hupanda ghafla na kusukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya chembe. Kama akiba ilikuwa imekwisha, kiwango cha damu huporomoka. Vitamini B1 nayo huhitajika kusaga wanga, na ikikosekana ubongo huumia. Mtu huvimba miguu, hukosa pumzi, huchanganyikiwa, na moyo unaweza kusimama. Kwa kawaida hayo hutokea ndani ya siku chache za kwanza za kula.

Mwongozo wa NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya tiba nchini Uingereza, humhesabu kuwa hatarini mtu aliyekula kidogo sana au kutokula kabisa kwa zaidi ya siku tano, na kuwa katika hatari kubwa aliyepitisha siku kumi. Wa kwanza huanzishiwa chakula kisichozidi nusu ya mahitaji yake kwa siku mbili. Wa pili huanza na kiwango kidogo zaidi, hupewa vitamini B1 kabla ya kulishwa, na kipimo huongezwa polepole huku damu ikipimwa. Sahani ya pilau na chupa ya soda kwa mtu aliyekaa siku kumi bila kula ni jambo la hatari, hata kama anasema hajisikii vibaya.

Je, saumu nayo?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu lake ni wazi. Saumu ya Ramadhani katika nchi zetu za ikweta ni saa 13 hadi 14 hivi, na kila usiku kuna futari na daku. Mwili hauingii katika hali niliyoieleza hapo juu. Sheria ya Kiislamu yenyewe imekataza waumini kuunganisha saumu usiku na mchana, na imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Kwa Wakristo wengi, Kwaresima ni kupunguza mlo au kuacha vyakula fulani. Anayefunga kwa ibada bila kula kabisa kwa siku nyingi, mwili wake hupitia yaleyale anayopitia anayefunga kwa ajili ya uzito, na tahadhari ni zilezile.

Nani asijaribu kabisa

Mfungo wa siku nyingi haumfai mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na kijana chini ya miaka 18, mtu mwembamba, mwenye ugonjwa wa moyo, figo au jongo, anayetumia dawa za kifua kikuu, wala aliyewahi kusumbuliwa na tatizo la kujinyima chakula au kula na kujitapisha.

Wagonjwa wa kisukari wanahitaji onyo la peke yake. Insulini na vidonge vya glibenklamidi huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu, na mtu anaweza kupoteza fahamu usingizini. Anayeacha insulini kabisa ili afunge anaweza kupata sumu ya ketoni, hasa mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Dawa mpya kama dapagliflozini na empagliflozini zinaweza kuleta sumu hiyo hata kipimo cha sukari kisipopanda sana. Mwenye vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoa, naye yuko karibu na kuzirai na kupoteza potasiamu. Usifunge wala usijipunguzie dawa bila kuongea na anayekutibu.

Njia yenye ushahidi

Unene uliokithiri ni ugonjwa wa kweli, na anayetaka kuuondoa anastahili msaada, si kejeli. Uskoti uleule wa Barbieri ulishiriki baadaye katika utafiti uitwao DiRECT, uliofanyika huko na kaskazini mwa Uingereza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walipewa lishe ya kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, yenye protini, vitamini na madini yote. Kisha walirudishwa kwenye chakula cha kawaida hatua kwa hatua, huku wahudumu wakirekebisha dawa zao. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Tofauti kati ya kalori 850 zenye virutubisho vyote na sifuri ni kubwa: moyo hupata madini yake, misuli hupata protini yake, na mlo wa kwanza hauwi hatari.

Hata lishe hiyo ilisimamiwa na wahudumu wa afya. Kwa mtu wa kawaida, kupunguza asilimia tano hadi kumi ya uzito kunatosha kushusha presha na sukari. Anza na yanayowezekana leo: acha soda na chai ya sukari nyingi, punguza ugali au wali nusu, ongeza maharage, dagaa, samaki na mboga, tembea kila siku. Kilo mbili za mafuta kwa mwezi zinafikika kwa njia hii, na ni mafuta zaidi ya yale yanayotoka katika wiki nzima ya kukaa bila kula.

Kama tayari uko kwenye mfungo na umevuka siku tano, usifungue kwa sherehe wala usione aibu. Nenda kituo cha afya, mwambie mhudumu ni siku ngapi hujala na ni dawa gani unatumia, na uombe upimwe potasiamu, magnesiamu na fosfeti. Ukiona mapigo ya moyo yanaruka, unazirai, unatapika mfululizo, unachanganyikiwa, au miguu inavimba baada ya kuanza kula, usingoje kesho. Taja mfungo wako mapema, kabla hujawekewa dripu ya glukosi, kwa sababu sukari hiyo nayo inaweza kuyaporomosha madini ya damu kama chakula.