Akili ya Mbwa Mzee

Huko Kilangala, katika pwani ya Lindi, ambako mbwa hufugwa alinde muhogo dhidi ya nguruwe na nyani, yule aliyekwisha pata miaka kumi, akionekana usiku amesimama mbele ya ukuta wa udongo kana kwamba angoja ufunguliwe, aghalabu huhesabiwa kuwa amepumbaa wala hana tena faida. Hukumu hiyo naiona ni dhuluma.

Mwaka 2016 wataalamu wa Vienna, nchini Austria, walitangaza matokeo ya kuwajaribu mbwa 95 wa jamii moja, tangu wa miezi 5 hata wa miaka 13, waliofundishwa kuchagua picha kwa kugusa kioo cha kompyuta kwa pua: wazee walihitaji marudio mengi zaidi, lakini katika kuitambua picha sahihi kwa kuiacha ile waliyokwisha jua kuwa siyo, waliwashinda vijana, na baada ya miezi 6 waliyojifunza yalikuwa yangali thabiti.

Maradhi ya ubongo yapo, tena yafanana na usahaulifu wa wazee wetu, hata mbwa akapotea ndani ya ua alimokulia. Ila mtoto wa jicho na uziwi navyo humbabaisha, basi bwana mifugo aulizwe kwanza.

Nilimwona mzee mmoja akigonga ardhi kwa mkongojo badala ya kuita. Mbwa wake, asiyesikia tena jina lake, akainua kichwa, akanusa upepo, akaja.