Mlima na Majira Yake: Mambo ya Kujua Mbele ya Kupanda



Katika masomo ya jiografia tunaandika majina ya milima ndani ya kaye: mlima fulani, mita fulani. Siku ya mtihani tunayajibu, kisha tunayasahau. Safari hii tunapenda kuwaelezea neno moja ambalo kaye hailisemi vizuri: njia ya mlima haiko sawasawa siku zote. Mtu anayeipita katika kipwa na yule anayeipita wakati wa mvua, wanapita njia mbili mbalimbali, hata kama mawe ni yale yale.

Neno hili tulilijua kwa miguu yetu wenyewe. Siku moja ya mwezi wa 11, tulitoka mapema, wanafunzi 14 na mwalimu mmoja, kwenda kutembea katika vilima. Asubuhi tulivuka kijito kimoja kwa kuruka juu ya mawe. Wengine hawakulowana hata viatu. Saa sita ya mchana tulikuwa juu ya kilima, jua kali, tukala mihogo na karanga zetu na kuimba. Saa nane tuliona mawingu meusi mbali sana, upande ule kijito kinakotoka. Sisi hatukunyeshewa hata tone moja. Lakini tuliporudi kwenye kijito saa kumi, mawe hayakuonekana tena. Maji yalikuwa na rangi ya udongo, yalifika kifuani, na yalikuwa yakisukuma vipande vya miti.

Mwenzetu mmoja, mwenye nguvu na anayejua kuogelea, alikwisha kuvua shati. Mwalimu alimshika mkono.

"Batoto, tukae hapa. Kilima haitakimbia, na nyumba haitakimbia."

"Lakini mwalimu, tuko na njala!"

"Njala ya usiku moja haiue mutu."

Tulilala pale pale kando ya moto. Tulinung'unika sana, tusiwafiche. Asubuhi maji yalifika magotini tu, tukavuka kwa kushikana mikono. Nyumbani wazazi hawakulala, na maneno tuliyosikia yalikuwa mengi. Lakini tulikwenda watu 15, na tulirudi watu 15. Tangu siku ile tulianza kuulizana: kama kilima kidogo cha kwetu kinaweza kutufanyia hivi, je, mlima wenyewe?

KWA NINI KWETU MVUA NI MOJA, NA KULE NI MBILI

Hapa Kamina kila mtu anajua mwaka wetu. Mvua inaanza karibu na mwezi wa 10, inakwisha mwezi wa 4. Kisha kipwa kinaingia: vumbi, majani makavu, moto wa pori, na baridi ya usiku ya mwezi wa 6 na wa 7. Basi mtu wa Kamina anafikiri kwamba dunia yote iko vile. Sivyo.

Mvua nyingi ya nchi zetu inafuata jua. Pahali jua linapopita wima juu ya kichwa, nchi inapata joto, hewa inapanda, inakuwa mawingu, mvua inaanguka. Kamina iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta. Jua linapita juu yetu katikati ya mwezi wa 10, linakwenda kusini, kisha linarudi na kupita tena mwisho wa mwezi wa 2. Kati ya mapito hayo mawili ni miezi minne na kidogo tu, na jua haliendi mbali sana. Ndiyo sababu mvua zetu mbili zinaungana na kuwa moja ndefu.

Kwenye ikweta yenyewe mambo ni mengine. Jua linapita pale mwezi wa 3 na mwezi wa 9, miezi sita kati yake. Kwa hiyo wana mvua mbili: moja tangu mwezi wa 3 mpaka wa 5, nyingine tangu mwezi wa 9 mpaka wa 11, hata wa 12. Nafuu yao ni mbili vilevile: mwezi wa 12 mpaka wa 2, na mwezi wa 6 mpaka wa 7. Tunasema nafuu, hatusemi kipwa, kwa maana katika milima mikubwa ya ikweta mvua inaweza kuanguka siku yoyote.

Mtu wa Kamina akisema, "Nitapanda mwezi wa 9, kwa sababu mvua haijaanza", amepotea. Amechukua kalenda ya kwao na kwenda nayo ugenini.

MLIMA WETU MREFU KULIKO YOTE

Mfano wetu ni Ruwenzori, katika Kivu ya Kaskazini, mpakani mwa Kongo na Uganda. Kilele chake kinaitwa Margherita, mita 5 109. Ndicho kirefu kuliko vyote katika Kongo, na cha tatu katika Afrika, nyuma ya Kilimanjaro (mita 5 895) na mlima Kenya (mita 5 199). Kiko karibu kabisa na ikweta, lakini kiko na barafu.

Tazameni majira yalivyofanya kazi katika historia yake. Mwezi wa 11 mwaka 1905, Waingereza wawili wenye kuzoea milima, Freshfield na Mumm, walijaribu kupanda. Ulikuwa wakati wa mvua. Hali ya hewa iliwashinda, wakarudi. Mwaka uliofuata, duki wa Abruzzi kutoka Italia alikuja na watu wake katika nafuu ya katikati ya mwaka. Tarehe 18 ya mwezi wa 6, 1906, alisimama juu ya Margherita, akakipa kilele jina la malkia wa kwao. Hatusemi kwamba wale wa kwanza walikuwa wajinga. Walijua kurudi, na waliporudi walikuwa wazima. Hilo nalo ni akili.

Upande wa Kongo, njia inaanzia Mutwanga, karibu mita 1 200. Ndiyo kusema urefu wa Kamina na kidogo zaidi. Kutoka pale, vibanda vya kulala vinafuatana: Kalonge, karibu mita 2 100; Mahangu, karibu mita 3 300; na Kiondo, zaidi ya mita 4 200.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Kila unapopanda mita 1 000, hewa inapungua joto karibu nyuzi 6. Kama Mutwanga kuna nyuzi 24 mchana, Kalonge itakuwa kama 19, Mahangu kama 11, Kiondo kama 6. Kileleni ni karibu na sufuri. Na hii ni hesabu ya mchana! Usiku ondoeni tena. Mtu aliyeondoka na jasho mwilini, siku ya tatu anatetemeka.

Miti nayo inabadilika. Kwanza ni pori kubwa lenye giza. Kisha mianzi. Kisha miti yenye kuvaa ndevu za majani, yote imelowa. Halafu inakuja mimea ya ajabu, lobelia na senesio, ambayo ni mirefu kupita mtu, na jamaa zake katika nchi nyingine ni majani madogo ya bustani tu. Mwishoni ni mawe na barafu.

NJIA MOJA, KAZI MBILI

Wakati wa nafuu, ardhi ya pori inakamata mguu vizuri, mito ni midogo, na asubuhi unaweza kuona kilele. Lakini hata hapo mawingu yana desturi yake: asubuhi ni peupe, saa nne au saa tano ukungu unapanda kutoka bondeni, mchana huoni tena mbele. Kwa hiyo wanaojua mlima wanaondoka mapema sana na kufika kwenye kibanda mbele ya mchana kwenda mbali.

Wakati wa mvua, pahali pa saa tano panakuwa pa saa nane. Mizizi inateleza kama sabuni. Katika mabonde ya juu kuna potopoto inayomeza mguu mpaka gotini, na watu wanaruka kutoka fundo la majani mpaka fundo lingine. Kuni zimelowa, moto unakataa. Juu, mvua inageuka kuwa theluji, inafunika mawe na nyufa za barafu.

Na mto, ndugu zetu, ndio adui mkubwa. Katika mwezi wa 5 mwaka 2013, na tena mwezi wa 5 mwaka 2020, mto Nyamwamba unaotoka Ruwenzori upande wa Uganda ulijaa ghafula, ukashuka na mawe na miti mpaka Kilembe. Uliharibu nyumba, madaraja, na hata hospitali. Mwezi wa 5, tazameni vizuri: ni mvua ile ya kwanza tuliyoieleza pale juu. Kijito chetu kilitufundisha neno hilo hilo kwa bei ndogo: mvua inayokuua si lazima ile inayokunyeshea.

SHERIA ZA KUSHIKA

Tumezikusanya hapa, mpate kuzikata na kuzitia ndani ya kaye.

1. Ulizeni watu wa pale. Mnande aliyezaliwa chini ya Ruwenzori anajua wingu gani lina mvua. Usipande pasipo kiongozi, na usibishane naye.

2. Ondokeni mapema, na wekeni saa ya kurudi mbele ya kuondoka. Saa ile ikifika, mnarudi, hata kama kilele kinaonekana karibu.

3. Nguo za pamba zikilowa zinaleta baridi; sufu inatunza joto hata ikiwa na maji. Nguo moja kavu ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, isivaliwe njiani. Ni ya usiku tu.

4. Mto ukijaa, ngojeni. Mara nyingi mto wa mlima unapungua mvua ikikoma. Kama maji yanapita magotini na yana nguvu, msivuke.

5. Radi ikilia, shukeni kutoka mgongo wa mlima. Msisimame chini ya mti ulio peke yake, wala msikusanyike pamoja. Mashariki ya Kongo ni kati ya pahali ambapo radi inapiga zaidi katika dunia yote. Hii si hadithi ya wazee.

6. Mwenzenu akitetemeka sana, akijikwaa ovyo, au akisema maneno yasiyoeleweka, ni baridi imemwingia. Mvueni nguo za maji, mvikeni kavu, mpeni chai ya moto yenye sukari, msimwache peke yake.

7. Kupita mita 2 500, hewa ni hafifu. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, msipande tena siku ile. Kama anatapika, anayumba, au anakosa pumzi hata akikaa, ashuke mara moja, hata kama ni usiku. Dawa ya kwanza ni kushuka.

8. Mmoja akichoka, wote wamechoka. Mwendo wa kundi ni mwendo wa yule wa nyuma.

MLIMA WENYEWE UNABADILIKA

Kuna badiliko lingine lisilo la miezi. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika karibu kilometa za mraba 7. Leo imebaki chini ya moja. Dunia inapata joto, na barafu inaisha. Njia ambazo wazee walipita juu ya barafu, leo ni mawe matupu yenye kuteleza. Kwa hiyo hata kitabu kizuri cha zamani kinaweza kumdanganya msafiri. Ndiyo maana sheria yetu ya kwanza ni kuuliza watu wa pale, tena watu wa leo.

Jambo lingine la uchungu: vita ya miaka hii imefanya upande wa Mutwanga kuwa wa hatari, na wapandaji wengi wanapitia Uganda, kwa njia ya Nyakalengija au ya Kilembe. Tunaandika habari za Mutwanga kwa sababu mlima ni wetu pia, na tunatumaini siku moja wanafunzi wa Kongo wataupanda kutoka kwao bila woga.

Labda wengi wetu hatutafika kule kamwe. Safari ni ndefu na franga hakuna. Lakini vilima viko, vijito viko, na mwezi wa 11 unakuja kila mwaka. Yule mwenzetu aliyevua shati angali pamoja nasi, na ndiye aliyeandika sheria ya 4 kwa mkono wake. Tulipomwuliza kama angali na hasira kwa ile njaa, alicheka tu, akasema: "Njala niliisahau. Ule mto siwezi kuisahau."

Basi, mkitaka kwenda kutembea, nendeni. Lakini mbele ya kufunga viatu, inueni macho mtazame mawingu, na mfikiri kijito kitakuwaje saa ya kurudi.