Je, Wajua? Kabla ya viatu vya mbio, palikuwa na wapagazi wa Unyamwezi

Washiriki wa Marathon des Sables, mashindano yaliyoanza mwaka 1986 huko Moroko, hukata kilomita zipatazo 250 za jangwa kwa siku kadhaa, chakula chao kikiwa mgongoni. Je, wajua kwamba katika karne ya 19 wapagazi wa Unyamwezi, nchi zilipo Ziba na Tabora, walitembea zaidi ya kilomita 800 hadi Bagamoyo, kisha wakarudi?

• Mzigo: Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, za pembe za ndovu, nguo au shanga. Juu yake aliongeza vitu vyake mwenyewe.

• Muda: Mwaka 1857 msafara wa wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, ulifika Tabora siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Mwaka 1871 mpelelezi mwingine, Stanley, alitumia siku 84 kwa safari hiyo.

• Mazoezi: Watoto wa kiume walizoezwa kwa kubebeshwa pembe ndogo.

• Mwendo: Kiongozi wa njia, kirangozi, alitangulia na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Safari ilianza alfajiri, na kambi ilipigwa kabla jua halijachoma.

Hiyo ndiyo siri inayomfaa hata mkimbiaji wa kawaida, anayemaliza katikati ya kundi: asianze kwa pupa, apumzike mapema, na kesho aamke tena. Wapagazi hawakusifiwa kwa kasi. Heshima yao ilikuwa kufika, mzigo ukiwa salama.