Bati la Kyerwa na butura ya shimoni

Barabara inayopita Omurushaka, mkoani Kagera, kwenda Nkwenda hadi Murongo, wilayani Kyerwa, mpakani mwa Uganda imezoeleka kwa ndizi na kahawa. Hupita pia bati. Kiroba chake hakitafuti nafasi kubwa garini, ila wa kukibeba hutoa jasho: kasiteriti, jiwe lenye bati, ina uzito wa karibu mara saba ya maji.

Uzito huo ndio mtaji wa mchimbaji mdogo. Miaka takriban bilioni moja iliyopita granaiti ilipenya katika miamba ya Karagwe, ikaacha mishipa ya mawe meupe yenye bati. Mawe hayo hupondwa na kuoshwa. Mepesi huondoka na maji, bati hubaki chini ya karai. Zebaki ya wachimba dhahabu haihitajiki hapa. Kasiteriti safi ni bati kwa asilimia 78 hivi.

Bei, ole wake anayeitegemea. Machi 2022 tani moja ilikaribia dola 50,000 katika soko la London. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya 20,000. Bei ikipanda, aliyekwisha kula fedha ya mnunuzi hafaidi. Wakulima wa Kagera wanaijua hali hiyo vizuri: ni butura, kahawa kuuzwa ingali mtini. Shimoni nako mnunuzi hutoa unga, sururu na nauli, kisha hupanga bei yake. Benki hazikopeshi kwa urahisi, kwa kuwa leseni ya uchimbaji mdogo haisemi chini kuna tani ngapi.

Mwaka 2019 Serikali ya Tanzania iliwafutia wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na ile ya zuio, masoko ya madini yakaanza kufunguliwa. Hatua nzuri, ingawa soko halimsaidii sana mtu ambaye mzigo wake una mwenyewe tayari.

Nje nako kuna masharti. Sheria ya Marekani ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 inazitaka kampuni zieleze bati lao limetoka wapi likitoka Kongo au nchi jirani zake, Tanzania ikiwamo. Nchi za Maziwa Makuu nazo zina cheti chao cha pamoja. Cheti hudai kiroba kijulikane tangu shimo kilikotoka. Bati lililochukuliwa usiku kulipia deni halina karatasi, na lisilo na karatasi hutafuta njia ya panya, Rwanda ikiwa ng'ambo tu ya Mto Kagera.